Sabuni Yenye Macho

Gari la sinema lilipita mtaani kwetu Nsemulwa asubuhi likitangaza kwamba jioni kutakuwa na picha ya bure kwa familia nzima. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nami nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa huko Kasansa akichunga ng'ombe. Kwa hiyo mama, ambaye kwa Kisukuma tulimwita mayu, alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukaenda.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kitambaa cheupe kilitundikwa ubavuni mwa lori, na kabla ya picha kuanza ukatokea nyuma yake mche wa sabuni unaotembea. Ulikuwa mrefu kuliko baba, wa bluu, una macho makubwa kama sahani na mdomo uliokuwa ukicheka tu bila kufumba. Watoto wengine walishangilia. Mimi nilijificha kwenye kanga ya mayu.

"Ni mtu tu yule," aliniambia. "Kavaa sponji."

Sikuamini. Mtu hupepesa macho.

Picha ilihusu mtoto wa kike aliyepotea porini, na simba akimfuata. Kwetu simba hakuwa mnyama wa hadithi. Waliokwenda kurina asali huko Inyonga walirudi na habari zake, na wakati mwingine walirudi wakiwa wamepungua. Basi simba alipoinama kwenye nyasi, tayari kuruka, picha ikakatika. Akaja mwanamke anafua shati, anatabasamu.

"Watoto, mama anafulia nini?" mtangazaji aliuliza kwenye spika.

Tukataja sabuni yake.

"Nyie, mbona siwasikii?"

Tukapiga kelele. Simba akarudi, akasogea kidogo, picha ikakatika tena. Mwanamke yuleyule, shati lilelile. Kila ilipokatika nilibaki na simba kichwani, nisijue kama yule mtoto bado mzima, huku ile sabuni ikipita katikati yetu ikitupapasa vichwa. Nikaanza kulia.

"Mayu, twende nyumbani."

"Ngoja tuone kama atapona," alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Hatukuona. Mtangazaji alisimamisha picha, akapanda juu ya lori na boksi la fulana zenye jina la sabuni. "Mama gani anataka fulana ya mwanawe?" Akaanza kurusha. Mayu hakunyoosha mkono. Fulana ilimwangukia begani yenyewe, na watu wote waliokuwa wakiitazama angani wakatugeukia sisi.

Mkono wake uliponyoka mkononi mwangu. Walivuta fulana, wakavuta na kanga, fundo likafunguka. Niliona mdogo wangu akiteleza mgongoni kwa mayu, kisha sikumwona tena. Niliona miguu tu.

"Mwanangu! Mwanangu yuko chini!" mayu alilia.

"Sisikii!" spika ikajibu kwa furaha. "Nani mwingine?"

Hapo ndipo ile sabuni ilipowasukuma watu, ikajitupa chini pale alipoangukia mdogo wangu, ikamfunika mzima. Nilidhani inamla. Niliipiga ngumi, nikaing'ata sponji. Ndani yake ikatoka sauti ya mtu anayehema.

"Binti, nivue kichwa! Nivue, sioni!"

Nilivuta. Kichwa kikatoka, na chini yake alikuwa mzee mwenye mvi, jasho likimtiririka. Amejiegemeza kwenye viwiko, watu wakimkanyaga mgongoni, na kifuani pake mdogo wangu analia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

"Zimeni jenereta!" mzee alifoka. "Kuna mtoto hapa!"

Jenereta ikazimwa. Watu wakarudi nyuma.

Alimbeba mdogo wangu mpaka hospitali, bado kavaa sponji kutoka shingoni kushuka chini, mayu akikimbia pembeni yake bila viatu. Mkono wa mtoto ulikuwa umevunjika. Asubuhi mtangazaji alikuja wodini na katoni ya sabuni na ile fulana, akasema pole.

Mayu hata hakuigusa. "Mwanangu amevunjika," alimwambia. "Hajachafuka."

Lori likaondoka siku ileile, lakini mzee alibaki. Mchana alikuja kutuona akiwa na shati la kawaida na mkungu mdogo wa ndizi. Nilikimbilia chini ya kitanda. Alichuchumaa, akaniambia taratibu kwamba hata yeye humo ndani huogopa, kwa sababu ni giza na joto, na huchungulia kwenye katundu kadogo mdomoni mwa ile sabuni.

"Sasa ulimwonaje?" nilimuuliza.

"Sikumwona. Nilimsikia mama yako."

Nikatoka, nikapokea ndizi. Aliondoka na treni ya Tabora akisema kazi ile basi tena. Mkono wa mdogo wangu ulipona, ingawa haunyooki vizuri. Mayu hakutupeleka tena penye picha ya bure, nasi hatukumwomba.