Kisu cha Marehemu na Mateke ya Kalobeyei

Kosa langu nitalisema mwenyewe, kabla majirani hawajaliongezea chumvi. Mjukuu wangu Akiru alianza kujifunza karate kule Kalobeyei kwa mwalimu Mkongomani. Nilipoona wasichana wakirusha mateke juu ya vichwa vyao, nikasema huu ni uongo wa sinema, na siku moja utamuua mtoto wangu. Adui mwenye silaha hangoji uinue mguu.

Nikavaa abarait ya marehemu mume wangu, kile kisu cha duara kinachokaa mkononi kama bangili. Wanaume wetu walishinda nacho mchana kutwa, na mikono ikabaki huru kukamua ngamia. Hiyo ndiyo silaha! Nikaenda uwanjani kumtoa Akiru.

"Mwalimu," nikasema mbele ya wote, mkono juu, "hebu mpige teke mwenye hiki."

Alikitazama kwa heshima. "Mama, hicho kisu ni kizuri kabisa. Mimi siwezi." Akawageukia wanafunzi. "Tukikuta kisu tunafanya nini?"

"Tunakimbia!"

Wakatimka wote mpaka langoni, mwalimu nyuma yao akiwahimiza. Nikabaki peke yangu kwenye vumbi. Moyoni nikakubali kwamba huyu mtu ana akili, na mtoto abaki kwake. Lakini mkono sikuushusha, maana nilikuwa mshindi.

"Nyanya!" Akiru akapaza sauti. "Hujatoa ngozi ya kufunika makali!"

Nikatazama. Kweli.

"Nimeiona tangu mwanzo, Mama," mwalimu akajibu kutoka langoni. "Hata hivyo, sirudi."