Sherehe Niliyoirudisha Hadi kwa Mzee

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Kampuni yetu ya Nakuru huchimba visima, na kila kazi tunaipanga kwenye programu ya kompyuta. Humo humo tukaificha mipango ya sherehe ya kumshtukiza bosi wetu, Mzee Koech, akifikisha miaka sitini. Juzi, nikisafisha kazi za zamani, nikaifuta kwa bahati mbaya.

Wambui wa mapokezi nusura alie. "Wacha wasiwasi," nikamwambia, kifua mbele. "Mimi huweka nakala ya kila kitu." Nikairudisha sherehe peke yake: mbuzi, keki, wageni, vyote vikarudi. Nikajipongeza kwa chai na mandazi.

Nilichosahau ni kwamba baadhi ya majukumu ya sherehe yalikuwa ya Kamau, ambaye alishaacha kazi. Programu ikirudisha jukumu na kukosa mwenyewe, humpa mkuu wa kampuni na kumtumia ujumbe kwa simu.

Mlango ukafunguka. Mzee Koech alisimama pale na simu mkononi, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Achieng', hapa naambiwa nimdanganye Mzee Koech aende Gilgil Jumamosi. Sasa nijiambie uongo gani?"