Barabara Iliyokataa Kusimama Wima

Naweka dau bakuli la supu ya nguruwe, na nyama yote nakuachia wewe: hutaamini. Hata watu wa Busan wenyewe nikiwasimulia wananiuliza nimekunywa nini. Lakini mwaka ule wa pili wa vita vya Korea, daraja la Yeongdo, lile linaloinuka kipande chake ili meli zipite, liligoma. Na aliyelitibu si mhandisi. Ni Ma Pan-sul, mtia grisi, mtu aliyeacha shule darasa la tatu na shule haikumkumbuka hata siku moja.

Pan-sul alikuwa na maringo kumshinda nahodha. Daraja lilipojengwa alibeba zege pale, na tangu hapo hakutoka. Kazi yake ilikuwa ndani ya nguzo kubwa, kwenye shimo la jiwe la uzani. Jiwe lenyewe ni zege tupu, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limefungwa kwenye mkia wa daraja. Mkia ukishuka shimoni, kichwa kinapanda, na barabara pamoja na reli za tramu vinasimama wima kama ukuta.

"Mota inasukuma tu," alikuwa akiwaambia wauza ngisi. "Anayeinua ni jiwe langu. Mizani ikikaa sawa, bibi yako angeliinua daraja kwa kidole."

"Bibi yangu ana kazi," walimjibu. "Muulize wako."

Basi mwezi wa tatu, asubuhi daraja likapanda lote. Alasiri likafika nusu, likasimama, mota inalia kama mbwa aliyekanyagwa. Kesho yake vilevile. Wiki iliyofuata ikawa kinyume: asubuhi linagoma, alasiri linapanda bila shida. Pan-sul akatia grisi mpaka mikono ikawa inateleza kwenye vijiti vya kulia chakula. Wapi.

Bwana Gu, mhandisi, akamwita. "Pan-sul, hili jambo ni nini?"

Neno "sijui" halikuwa limewahi kupita kinywani mwa Pan-sul. "Ni vibao, mkubwa."

Vibao vilikuwepo, huo si uongo. Waliokimbia vita kutoka kaskazini waliagana hivyo: tukipotezana, tukutane daraja la Yeongdo. Katika Busan nzima hilo ndilo jina pekee walilolijua. Kwa hiyo ukingo wote ulikuwa umening'inizwa mbao, bati na milango ya makabati, imeandikwa majina ya wanaotafutwa.

"Mkubwa, unadhani vyote hivyo ni vyepesi kama manyoya?" Pan-sul akaongeza, ili apendeze.

Bwana Gu akatoa amri: ikifika Jumamosi, vyote chini.

Chini ya daraja kulikuwa na Tak Bun-nyeo, mama wa Hungnam kule kaskazini, muuza kome wa kuchemsha. Binti yake Geum-sil, wa miaka kumi na mitano, alimponyoka mkononi gatini siku ya kupanda meli ya kukimbia vita. Kibao cha Bun-nyeo kilikuwa kwenye kile kipande kinachoinuka, na maandishi yake yalikuwa yamelala ubavu.

"Dada, uliandika ukiwa kitandani?" Pan-sul alimtania siku ya kwanza.

"Uliye kitandani ni wewe. Daraja likiinuka, maandishi yanasimama. Na wakati huo watu wote wa pande mbili wamezuiwa, hawana la kufanya ila kuangalia. Mwanangu naye ataangalia."

Sasa alipoisikia amri, akaja mbio na mikono ya chumvi. "Kaka, si wewe ndiye bingwa wa daraja? Niombee kwa Bwana Gu. Changu ni kimoja tu. Kikitoka pale, Geum-sil atanijuaje niko wapi?"

"Nitaangalia," alisema Pan-sul, akaangalia viatu vyake.

Jumamosi akavitoa vibao kwa mkono wake. Akavipeleka kwenye mizani ya soko la samaki: vyote pamoja havikufika uzito wa wanaume watatu wanene. Jumapili alasiri daraja likapanda nusu, likasimama.

Hapo akili ikamruka. Akakwangua mavi ya shakwe, hakuna kitu. Akaenda kwa mpiga ramli wa chini ya daraja, akaambiwa kuna mwanamke wa ukoo wake amekasirika. Ana dada watatu, wote wamekasirika, aanze na yupi? Bwana Gu akauliza tena, naye akasema labda ni rangi.

"Rangi gani? Tangu vita vianze hatujapaka hata mlango."

Jumatatu muuza ngisi akamwambia, "Jana kulikuwa na msichana. Alitembea ukingo mzima akishika nyaya zilizobaki. Aliuliza vibao viko wapi, halafu akapanda tramu."

"Wa umri gani?"

"Umri wa wasichana."

"Anaongeaje?"

"Kama watu wa kaskazini. Lakini siku hizi nani hapa si wa kaskazini?"

Pan-sul akashuka kwa Bun-nyeo akiwa na hayo mdomoni. Hayakutoka.

"Badala ya kusimama kama nguzo, nivutie gunia," Bun-nyeo alisema.

Gunia la kome lilikuwa baharini, limefungwa kamba. Akalivuta kwa mkono mmoja, ili aonekane. Jepesi. Lilipotoka majini likamwelemea, nusura aingie yeye.

"Ndani ya maji kila mtu ana nguvu," Bun-nyeo alisema.

Pan-sul akalishusha gunia majini, akalivuta tena. Kisha akaondoka bila kuaga, akachukua taa, akaingia shimoni. Akamulika tumbo la jiwe lake. Kome wadogo wamelishika, wengi, wamenona. Na kome hawaishi pakavu.

Maji ya sakafuni alikuwa akiyaona siku zote, akadhani ni ya mvua, kwa sababu alizoea kushuka bahari ikiwa imekupwa, ngazi isiteleze. Kumbe nguzo ina ufa. Bahari ikijaa, shimo nalo linajaa. Jiwe likishuka linaingia majini, linakuwa jepesi kama gunia lile, na kichwa cha daraja kinakosa wa kukiinua.

Akamwonyesha Bwana Gu, wakavuta maji kwa pampu, wakaziba ufa kwa saruji. Jumatano bahari ikajaa, na barabara ikasimama wima. Bwana Gu akaruhusu vibao virudi. Cha Bun-nyeo ndicho kilichotangulia, na daraja lilipopanda jina la Geum-sil likasimama juu ya vichwa vya watu. Bun-nyeo akakodolea macho watu wa upande huu, kisha wa upande ule. Hakuna aliyekuja.

Alimletea Pan-sul kome wa moto. "Kaka, umeniokolea jina la mwanangu."

Pan-sul hakulipokea bakuli. Akamweleza habari ya msichana wa Jumapili, yote, mpaka tramu.

"Aliyemwambia Bwana Gu kwamba ni vibao ni mimi," akasema. "Nilikosea."