Zimwi Aliyeokoka

Mke wangu alipolazwa hospitalini mjini Nyeri, mimi na binti yetu wa miaka sita tulihamia kwa mama yangu, kijijini Tetu. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hivyo kwa wiki tatu binti yangu hakumwona mama yake. Hakulia. Kila jioni, cucu yake, yaani bibi yake, akimenya viazi jikoni, aliomba hadithi moja tu: ya zimwi mwenye mdomo wa pili kisogoni, uliofichwa na nywele, aliyemeza kijiji kizima. Mwishoni msichana mmoja humkata kidole kidogo cha mkono, na wote waliomezwa hutokea hapo, wazima, hata ng'ombe. Binti yangu aliwahesabu wakitoka, kisha akalala.

Niliyaona haya kwa macho yangu, ndiyo maana hasira haijaniisha.

Jumapili moja aliwasimulia wenzake kanisani. Mwalimu wa shule ya Jumapili akamwita mama yangu kando, akamwambia hadithi hizo ni za giza, zinawafungulia mapepo mlango, na haifai shemasi kuzisimulia. Mama yangu ndiye shemasi, akaogopa. Akatafuta njia ya katikati. Jioni hiyo zimwi hakukatwa kidole. Alisikia mahubiri, akatubu, akaokoka.

Binti yangu alimkazia macho. "Na wale wako kwa tumbo?"

Mama yangu hakuwa amewafikiria. Akasema labda wanaomba huko ndani.

"Na yeye sasa anakaa wapi, cucu?"

"Anakuja kanisa na sisi."

Siku mbili mfululizo mtoto aliamka amelowesha kitanda, jambo aliloliacha zamani. Jumapili iliyofuata alishika mlango kwa mikono miwili, akakataa kutoka. Alitaka kwanza niende nikague visogo vya watu wa viti vya nyuma.

Nilimwendea yule mwalimu. "Mzazi," alisema kwa upole wa mtu asiye na shaka hata kidogo, "mtoto ni lazima afundishwe kusamehe." Nikamuuliza amsamehe nani, na mama yake bado hajarudi. Akasema ataniombea.

Watu wazima tunajidanganya kwamba hadithi ndiyo inayomtia mtoto hofu. Huyu alikuwa nayo tayari. Aliamka asubuhi moja akakuta mama yake amechukuliwa, na hakuna aliyemweleza sawasawa, hata mimi. Zimwi aliipa hofu hiyo mwili, na mwili una kidole kinachoweza kukatwa. Sisi tukampokonya kisu, tukamwachia zimwi. Halafu tukaita hayo malezi mema.

Nilimwomba mama yangu airudishe hadithi kama ilivyokuwa. Akakataa, kesho yake alikuwa na zamu ya kuongoza maombi. Basi nikaisimulia mwenyewe, vibaya, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Nilisahau mbuzi, binti yangu akanisahihisha. Mama yangu aliendelea kumenya viazi, ametupa mgongo, lakini hakutoka jikoni.

Nilipofika kwenye kidole, binti yangu aliniambia nisiseme tena. Akaushika mkono wangu, akaulaza juu ya kigoda, akakata kidole changu kidogo kwa ukingo wa kiganja chake. Alikata kwa nguvu, kiliniuma.

Nikamuuliza kama wote wametoka.

"Bado," akasema, akakata tena.