Hindi la Mwisho la Msimamizi

Jumamosi iliyopita tulimzika, kule Susuni, mzee aliyekuwa msimamizi wa shamba letu la kijiji miaka ile ya ujamaa. Habari ya kifo ilinikuta Bomani nikinywa chai, na sitawadanganya wasomaji wangu wa siku zote: chai niliimaliza. Makaburini walimsifu kwa uaminifu. Mmoja alisema marehemu hakuruhusu hata hindi moja la umma lipotee. Nikamtafuta kwa macho mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Shamba lile lilikuwa la wote, na amri ilikuwa moja: hakuna kuvunja mahindi mpaka yakomae, yagawiwe kwa pamoja. Msimamizi peke yake aliruhusiwa kugusa mabichi, kwa kazi ya kukagua. Alifuga ukucha wa kidole gumba, na kila asubuhi alipita katikati ya mistari akifunua maganda na kuchoma punje aone kama zina maziwa. Lenye maziwa lilikwenda nyumbani kwake, eti kwa uchunguzi zaidi. Lililokuwa bado aliliacha wazi, mvua ikaingia, likaoza. Aliharibu mengi kuliko nyani, na nyani angalau tuliwafukuza kwa mawe.

Mama yule hakuhitaji kufunua. Aliangalia ndevu za hindi: zikishakauka na kuwa kahawia nchani, huku chini bado zina unyevu, alilipapasa juu ya maganda, ncha ikiwa butu na imejaa, alivunja. Wageni wa wilayani walipokuja, ni yeye aliyetumwa kuwachagulia. Mwaka ule mwanawe wa mwisho aliugua surua, mdomo ukajaa vidonda, ugali wa mtama akawa anautema. Aliomba hindi la kuchemsha, lile laini. Mama akaingia shambani alfajiri, akavunja mawili.

Msimamizi alipoyaona mabua yale hakusumbuka kufuata nyayo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na alinikuta njiani akiwa amefurahi sana. "Mwalimu, mwizi mwenye njaa huvunja hovyo," aliniambia. "Huyu amechukua yaliyo tayari tu, na hakufunua hata moja. Kijiji hiki kina mtu mmoja wa hivyo." Alikwenda moja kwa moja, akakuta chungu kiko motoni.

"Tata, mtoto anaumwa," mama alimwambia, akimwita baba kwa Kikurya kama tulivyomwita wote. "Mwache ale hili moja, halafu nipeleke unakotaka."

"Mali ya umma huliwa ikikomaa, mama. Sheria haijui mgonjwa."

Alibeba chungu kama ushahidi, akamvisha mama maganda shingoni na kumtembeza kijiji kizima hadi ofisini. Kamati ilipokaa, ushahidi ulikuwa magunzi mawili matupu, na hakuna aliyeuliza punje zimekwenda wapi. Mtoto alifariki kabla ya mavuno. Siku ya mgawo, fungu la mama lilikatwa kwa sababu ya wizi.

Miaka ikapita, msimamizi akazeeka, meno yakamwisha. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, alichoka na uji akataka hindi bichi, na mkwewe akatumwa kwa yule anayejua kuchagua. Mama alikubali. Watu walisema amesamehe. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mgonjwa siku aliyoingia na hindi lililofungwa vizuri ndani ya maganda yake.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mama. Lina maziwa?"

Alimwekea mkononi. Mzee akalifunua kwa pupa, akachoma punje kwa ule ukucha wake. Ukucha ukapinda.

"Mama, hili limekomaa."

"Ndiyo, tata. Limekomaa. Sasa unaweza kula."

Mama akavuta kigoda, akakaa. Mzee alilipeleka hindi kwenye ufizi, akalirudisha kifuani, akalia. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka kile chungu.

Najua maiti hasemwi vibaya, na wapo watakaokasirika. Lakini ninyi mnaokabidhiwa vya wote, na sisi tunaowakabidhi, tujifunze kufunua kwanza chungu cha mlinzi. Tulipotoka makaburini nilimuuliza mama alilipata wapi hindi gumu namna ile, wakati mashamba yote bado yalikuwa mabichi.

"Nilitafuta sana, mwalimu," alisema. "Kuchagua ndiyo kazi ninayoijua."