Mahali Nilipoweka Kochi

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliupima ukumbi ule kabla ya kumuuliza mtu ulikuwa wa kazi gani. Nalitaja mapema ili nisilizunguke, maana nina tabia ya kusimulia makosa yangu kwa namna ambayo anayenisikiliza huishia kunipa pole.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika upambaji. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa simu, chumbani kwangu kule Mkiwa, nikisimamisha video kila baada ya sekunde chache nione kitambaa kinavyokunjwa, kisha nakunja shuka la kitandani mpaka lifanane. Mtu aliyejifunza hivyo hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Pini moja ikikaa upande, nashuka ngazi, naenda mlangoni, natazama, narudi, napanda tena.

Kazi yenyewe ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, wilayani Iramba. Bibi harusi alinipigia simu mwenyewe, akanitajia rangi zake, kisha akasema, "Kwetu anayemkalisha binti kwenye kiti ni bibi mzaa baba. Wangu ni mzee sana, anatoka Ulemo. Mengine yakiharibika nitavumilia, kaka. Hilo hapana."

Nikaandika kwenye daftari: njia ya bibi iwe pana.

Baba yake ndiye aliyechagua ukumbi. Zipo kumbi mpya zenye vioo, lakini yeye aliutaka ule wa zamani, wa kuta nene za mawe, uliojengwa enzi za mtemi na ambao sasa hukodishwa kwa harusi na mikutano. Aliniambia ni ukumbi wa heshima. Nilikwenda kuuona siku moja kabla. Mama anayetunza funguo alinifungulia, akasimama karibu nami.

"Hapa lilikuwa baraza, mwanangu," akasema. "Wazee walikaa kule juu kwenye ngazi, wanaamua kesi za watu. Wenye kesi sasa..."

"Sawa, mama," nikamkatiza, macho yakiwa kwenye futi. "Upana ni huu huu mpaka mwisho?"

Alinitazama kidogo. "Wewe pima tu," akasema, akaenda zake.

Mbele, miguuni pa ile ngazi ya wazee, sakafu ilikuwa na mraba wa saruji ulioinuka kiasi cha unene wa kidole, laini, unaong'aa kuliko sakafu nyingine. Nikapima kutoka ukuta wa kushoto, nikapima kutoka wa kulia. Ulikuwa katikati kabisa. Sijui nielezeje furaha niliyoipata. Kumbi nyingi zimepinda, unahangaika nusu siku kutafuta katikati, na hapa mtu wa zamani alikuwa ameniachia alama. Niliufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, nikatandika zulia, nikaweka kochi la bibi harusi juu yake hasa. Mapazia ya satini nikayafunga kwenye boriti nyuma yake, na taa ndogo juu kama upinde. Nilipiga picha kutoka mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuona cha kurekebisha.

Kesho yake saa nane mchana, wageni wakiwa wanatarajiwa saa tisa, baba wa bibi harusi alifika na mama yake. Binti mwenyewe alikuwa bado saluni. Baba ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, suti ya kijivu, amemshika bibi mkono. Bibi alisimama mlangoni azoee giza la ndani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa maua?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwanaume mzima."

"Mnyaturu huyo, mama," mwanawe akasema. "Wao wamechoka kuchunga."

Bibi akacheka, nami nikacheka; sisi Wanyaturu tumeuzoea utani huo wa Wanyiramba. Kisha akatazama mbele, na kicheko kikamwisha.

"Nani ameweka kiti pale?"

"Mimi, bibi. Ni katikati kabisa." Nilikuwa nasubiri nisifiwe.

"Kitoe."

"Mama, wageni wako njiani," akasema mwanawe.

"Basi akitoe upesi. Siwezi kumkalisha mtoto pale. Kama ni pale, atamkalisha mwingine, mimi nirudishe Ulemo."

Nikasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Nilisema, "Bibi, kama ni ule mraba, nimeufunika kwa zulia. Hauonekani."

"Mimi nauona," akasema.

Aliegemea fremu ya mlango. Kwanza alimwambia mwanawe maneno ya Kinyiramba ambayo niliyashika nusu, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Pale unasimama ukiitwa kwenye kesi. Mimi nilisimama. Nilimtoroka mume, nikarudi kwetu na mtoto mgongoni. Wakaniita. Nikasimama toka asubuhi mpaka jua likaingia kwa dirisha la huku. Mtoto analia njaa. Nikaomba nikae nimnyonyeshe. Wakasema nikikaa, kesi imeisha na nimeshindwa. Nikasimama."

"Ikawaje, bibi?" Niliuliza kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Wakasema nirudi kwa mume. Nikarudi. Ndiyo hawa wote utakaowaona wanakuja na magari."

Baba wa bibi harusi alikuwa hajasogea.

"Mtoto yupi, mama?" akauliza.

Bibi akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza leo ni siku gani. "Kwani wa kwanza wangu ni nani?"

"Hujawahi kuniambia."

"Ulinyonya jioni, ukalala. Ulitaka nikuambie nini?"

Nimeahidi kutozunguka, kwa hiyo niseme: wazo langu la kwanza lilikuwa mapazia. Nilifikiria boriti, nyaya, ule upinde wa taa, na kwamba saa moja haitoshi kuvihamisha. Wazo la pili lilikuwa sakafu. Nilikumbuka jinsi nilivyoufurahia ung'avu wa ile saruji. Hakuna fundi aliyeisugua. Ilisuguliwa na miguu ya watu waliosimama pale wakisubiri kuambiwa maisha yao yaende wapi, na mguu mmoja ulikuwa wa huyu aliye mbele yangu. Nami nilikuwa nimeipangusa siku iliyotangulia huku naimba.

"Nikihamishie wapi, bibi?" nikauliza. "Kule juu walikokaa wazee?"

"Kule kuna joto. Weka dirishani. Gauni lenyewe naambiwa ni kubwa, atazimia."

Baba alivua koti, akalitundika kwenye spika, akashika upande mmoja wa kochi. Nilimwambia mzee acha, nitaita vijana. Akainua upande wake. Tulilibeba wawili mpaka dirishani, akalishusha taratibu, akabaki ameinama, mikono yote miwili juu ya kochi. Nilijifanya nanyoosha zulia.

Mapazia yalibaki pale pale, na upinde wa taa ukawaka juu ya sakafu tupu. Zulia lililazimika kukata kona, likajikunja. Wageni wakaingia, wakakaa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Bibi harusi alifika kwa vigelegele. Mlangoni aliuona upinde mtupu, akanitafuta kwa macho. Bibi yake akamshika mkono, wakapita kando kando ya ukuta, polepole, mpaka kwenye kochi. Akamkalisha. Kisha naye akakaa.

"Bibi, hapo ni pa mpambe," mshereheshaji akamnong'oneza, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Mpambe ana miguu," bibi akasema, na ukumbi mzima ukamsikia.

Bibi harusi alicheka mpaka akashika wanja wake usichuruzike. Baba alipoitwa kusema neno, mshereheshaji alimwonyesha pale katikati chini ya taa. Yeye akaenda kusimama dirishani, nyuma ya mama yake. Alisema karibuni, akasema karibuni tena, akarudisha kipaza sauti.

Picha za kazi ile sijaziweka kwenye ukurasa wangu, hata ile niliyopiga kutoka mlangoni. Siku hizi sipimi ukumbi wowote peke yangu. Namwomba mwenye shughuli anipe mtu mzima wa kwao, tunapita naye ndani, na akianza kueleza simkatizi mpaka amalize. Pini bado nazishukia ngazi. Ila mahali pa kumkalisha mtu sipachagui mimi tena.