Udi Nilioutoa Kabla ya Neno

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msicheke kwa sauti, kwa sababu aliyeumia bado yumo humu ndani na kuta zetu nyembamba. Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na majirani: mimi ndiye niliyewafukuza waposaji wa mjukuu wangu kwa udi, tena mchana kweupe, na chafya juu yake.

Tunakaa Aziziya, Jeddah, ghorofani. Joto likianza kuvunjika na watu wakafungua madirisha, miti ya damasi iliyopandwa barabarani kwetu hutoa maua, basi pua inaziba, macho yanawasha, chafya haziishi mpaka baridi iingie. Daktari alisema ni mzio, akataka madirisha yafungwe, mapazia yafuliwe, machujio ya kiyoyozi yaoshwe, pua isafishwe kwa maji ya chumvi, na moshi usiingie ndani kabisa. Salma, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake afariki, akayashika yote kama sala. Mimi nikayashika yote ila hilo la mwisho. Nikamwambia, moshi ni wa kuni, udi si moshi.

Wakaja wageni kutoka Riyadh, Bi Zuwena na dada yake. Asili yao Unguja kama sisi, lakini wamezaliwa huku na wanakwenda kwa desturi za huku. Mwana wa Bi Zuwena anafanya kazi ofisini Olaya, huko huko Riyadh, Salma amempenda, na mimi nilimridhia (nami si mtu wa kuridhia upesi). Kijana mwenyewe ndiye aliyewaendesha njia yote ile, akabaki chini garini kwa adabu, wanawake waanze.

Bi Zuwena akaweka kikombe, akasema, "Bi Mkubwa, sisi tumekuja kwa jambo la kheri..." Nikapiga chafya. Nikamshukuru Mungu, wakaniombea rehema kama inavyopasa, neno lake likakatika. Akaanza tena, nikapiga tena, wakaniombea tena. Dada yake akasema, "Leo tutaombea rehema mpaka magharibi," wakacheka, mimi nikaona aibu.

Nikaenda jikoni kwa Mwende, msichana wetu kutoka Machakos (miaka ile mawakala walikuwa wakileta wasichana wa Kenya ndege kwa ndege, naye alikuwa mgeni bado). Nikamwambia aniletee chetezo, atie udi na habasoda, nivute kidogo pua izibuke, kama alivyokuwa akifanya mama yangu.

"Lakini madam, Salma alisema moshi hapana."

"Nyumba hii ya Salma?"

"Hapana, madam."

"Basi yalla, lete."

Nikarudi kukaa, maana wageni hawaachwi peke yao. Sikumwambia alete wapi. Akaniletea pale pale nilipo, mbele ya wageni, kwa mikono miwili, moshi umeshatangulia.

Sasa, kwetu Unguja udi unamkaribisha mgeni. Huku udi ukishatolewa hakuna tena kukaa, mgeni anajifukiza, anaaga, halas. Wala nisiseme sikujua, nimeshawaondoa hivyo hivyo wageni wangapi waliokaa mno. Bi Zuwena akatazama chetezo, akatazama kahawa yake ambayo hajaifikisha nusu, akasimama. Akajifukiza abaya upande mmoja, akajifukiza wa pili, taratibu, kama mtu anayepokea jibu.

"Tumefahamu, Bi Mkubwa," akasema. "Ungetuambia kwa simu, usingetuchosha njia yote."

Nilitaka kusema kaeni, udi huu ni wa pua yangu. Nikafungua mdomo ikatoka chafya, na nyingine juu yake, moshi wa habasoda umeniingia kooni, machozi yananitoka, na wao wanashuka ngazi. Nikawafuata na chetezo mkononi (sijui kwa nini sikukiweka chini), kanga imenianguka, mpaka barabarani chini ya ile miti yenyewe, majirani wametoka, mlinzi wa jengo amesimama, na mimi nazunguka gari la watu natoa moshi na chafya. Kijana akashusha kioo, akauliza, "Bibi, kuna nini?" Nikapiga chafya. Mama yake akamwambia, "Endesha."

Nilipopanda juu Salma alikuwa amesimama mlangoni na sinia la halua, amevaa nguo aliyoishonesha kwa siku ile. Akanusa.

"Bibi, umewatolea udi?"

Akageuka, akarudisha halua jikoni.

Nilipiga simu. Nikaeleza pua, daktari, habasoda, na mwenyewe nikisikia jinsi ukweli wangu unavyofanana na uongo. Bi Zuwena alinijibu kwa upole kwamba mtu akishatolewa udi harudi kugonga mlango, na mwanawe anatafutiwa kwingine. Salma hajanigombeza mpaka leo. Majira yale yakirudi ananiandalia maji ya chumvi, anafua mapazia, anaosha machujio, ananiamkia vizuri kila asubuhi. Bora angenigombeza.

Basi nyumba nzima nimeiamrisha hivi: damasi likitoa ua la kwanza, chetezo kifungiwe kabatini, ufunguo akae nao Mwende, na mimi nikiuomba, hata nikimwuliza nyumba hii ya nani, asinipe.